Kumpunguza unene paka na mbwa kwa chakula: mwongozo kamili kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Paka na mbwa wengi walionenepa kupita kiasi katika nyumba zetu hawajawahi kuonja chakula cha pakiti. Wamenenepa kwa wali wa nazi wa jana, ngozi ya kuku, kichwa cha changu kilichotoka kwenye mafuta, ukoko uliomwagiwa mchuzi na korosho zinazodondoka barazani. Kila kimoja ni kidogo, na kila kimoja kimetoka mkono tofauti. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mizani na watu wa nyumbani, kisha ndiyo unaingia jikoni.

Najua mnyama aliyenona husifiwa. Mgeni akimkuta paka amejaa kama mto, atasema huyu ametunzwa, na mwenye nyumba atafurahi. Inaeleweka, maana mbwa wa mtaani mbavu zake huhesabika kwa mbali. Lakini mafuta yaliyozidi yana gharama, na anayelipa ni mnyama mwenyewe. Paka mnene yuko karibu zaidi na kisukari. Mbwa mnene huumwa magoti na nyonga mapema, na huku pwani hupata taabu ya ziada: mbwa hujipoza kwa kuhema, na mafuta chini ya ngozi huzuia joto lisitoke. Siku za Novemba na Desemba, mvua ikiwa bado haijakolea, mbwa wa namna hiyo anaweza kuzidiwa na joto kwa mwendo mfupi tu.

Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa 48 aina ya Labrador tangu wakiwa watoto mpaka kufa. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Waliokula pungufu waliishi takriban miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwafikia wakiwa wamesogea zaidi umri. Miaka miwili katika maisha ya mbwa ni mingi sana.

Tahadhari moja kabla ya hatua yoyote. Haya yote ni kwa mnyama mzima aliyemaliza kukua na asiye mgonjwa. Mtoto anayekua, jike mwenye mimba na jike anayenyonyesha hawapunguzwi chakula.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mafuta

Tumbo kubwa si lazima liwe unene. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo la duara na mgongo mkavu mara nyingi ana minyoo. Jike aliyezunguka mtaani anaweza kuwa na mimba. Mbwa mzee ambaye tumbo limejaa huku mapaja yakipungua anaweza kuwa na maji tumboni kwa sababu ya moyo au ini. Yupo pia mbwa anayenenepa bila kula sana, mchovu muda wote, manyoya yakimnyonyoka pande zote mbili za mwili: huyo huenda tezi yake ya shingoni imepungua nguvu. Hawa wote dawa yao haiko kwenye bakuli. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, au anza na afisa mifugo wa kata yako. Kama kuna mashaka ya minyoo, Mtwara mjini ipo maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA), na daktari anaweza kukuelekeza namna ya kupeleka kinyesi kikapimwe.

Kwa mnyama mzima wa kawaida, mikono yako inatosha. Msimamishe, weka viganja ubavuni na upapase taratibu bila kukandamiza. Mnyama mwenye uzito mzuri, mbavu zake utazihisi mara moja, kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako ukikunjua vidole. Ukilazimika kuzitafuta kwa kubonyeza, amezidi. Usipozipata kabisa, amezidi sana. Kisha mwangalie kutoka juu: nyuma ya mbavu panatakiwa pabonyee kidogo, pawe na kiuno. Ukimwangalia ubavuni, tumbo la mbwa linapaswa kupanda kuelekea miguu ya nyuma.

Paka ana mtego wake. Chini ya tumbo ana kipande cha ngozi kinachoning'inia na kucheza anapokimbia. Hicho paka wengi wanacho, hata wembamba. Kishike: kikiwa ni ngozi tupu, mwache. Kikiwa kizito na kimejaa, hapo kuna mafuta.

Madaktari wa wanyama hutumia alama 1 hadi 9. Alama 5 ni mwili mzuri. Alama 7 mbavu zinapatikana kwa shida na kiuno kinakaribia kupotea; alama 8 mbavu hazipatikani mpaka ubonyeze kwa nguvu; alama 9 mafuta yamejaa mpaka shingoni na kwenye shina la mkia. Mpe mnyama wako alama na uiandike. Utaihitaji mbele kidogo.

Hatua ya 2: Mpime

Paka mweke ndani ya kikapu chenye mfuniko, umpime kwenye mizani ya duka la mtaani, kisha utoe uzito wa kikapu. Mbwa mdogo na wa kati mbebe, simama naye kwenye mizani ya kupimia watu, halafu simama peke yako na utoe. Vijana wanaokaa na mizani karibu na stendi watakusaidia kwa pesa kidogo. Kwa mbwa mkubwa asiyebebeka, mizani ya magunia ndiyo yake: weka ubao juu, mkalishe, mtulize.

Mizani iwe ile ile kila mara, na saa iwe ile ile, asubuhi kabla hajala. Kwa paka hili lina uzito wa pekee, maana tutakuwa tunafuatilia gramu 30 au 50 kwa wiki, na mizani mbili tofauti zinaweza kupishana kuliko hapo. Ukipata mizani ya dijitali inayoonyesha gramu, tumia hiyo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya lengo na ya chakula

Hesabu ni mbili na si ngumu.

Ya kwanza ni uzito unaoutafuta. Alama 7 gawanya uzito wa sasa kwa 1.2, alama 8 kwa 1.3, alama 9 kwa 1.4. Mbwa wa kilo 28 mwenye alama 8 anatakiwa awe na takriban kilo 22. Paka wa kilo 6 mwenye alama 8 anatakiwa arudi kwenye kilo 4.6.

Ya pili ni chakula cha siku. Chukua uzito unaoutafuta, zidisha kwa 30, ongeza 70. Jibu ni kalori za siku kwa mbwa anayepunguzwa. Mbwa wetu: 22 mara 30 ni 660, ongeza 70, unapata 730. Tufanye 700 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa paka fanya vivyo hivyo, halafu zidisha jibu kwa 0.8. Paka wetu: 4.6 mara 30 ni 138, ongeza 70 ni 208, mara 0.8 ni kama 165. Kalori ninazotaja hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti kama kcal. Hesabu hii ya mkato inafaa kwa mnyama wa kati ya kilo 2 na 45.

Angalia jinsi namba ya paka ilivyo ndogo. Korosho kumi za kawaida zilizokaangwa zina kalori kama 80. Kwa paka huyu hiyo ni nusu ya siku nzima.

Mwendo unaotakiwa ni huu: mbwa apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, paka nusu asilimia hadi asilimia 1. Mbwa wa kilo 28 apungue kati ya gramu 280 na 560 kwa wiki, na safari yake itachukua miezi mitatu hadi sita. Paka wa kilo 6 apungue gramu 30 hadi 60, na safari yake ni nusu mwaka au zaidi. Anayekuahidi paka kupungua ndani ya mwezi anakuletea ugonjwa, na sababu nitaieleza muda si mrefu.

Kama kwa sasa anakula zaidi ya mara mbili ya hesabu yako, usishuke kwa siku moja. Shuka taratibu kwa wiki mbili.

Hatua ya 4: Bakuli liwe la mtu mmoja

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na hufa ndani ya siku tatu za mwanzo. Baba anarusha mfupa, watoto wanamwaga wali, dada wa jikoni anamhurumia paka anayelia, na bibi ana dagaa zake kwenye upindo wa khanga. Kila mtu anaamini yeye peke yake ndiye aliyempa.

Chagua mtu mmoja wa kulisha. Asubuhi apime chakula chote cha siku, akiweke kwenye kopo lenye mfuniko. Chochote atakachokula mnyama siku hiyo kitoke kwenye kopo hilo. Likiisha, limeisha.

Watu wazima wa nyumba usiwakataze kumpa. Hawatakuelewa na hawatakubali, kwa sababu kumlisha ndiyo namna yao ya kukaa naye. Wape sehemu yao. Chukua dagaa watatu au wanne kutoka kwenye hesabu ya siku, weka kwenye kikopo kidogo, mpelekee: "Bibi, shikamoo. Hiki ni kikopo chako na Pusi, cha leo nzima. Ukimpa kutoka humu haumwi." Bibi atakitunza kikopo hicho kuliko wewe, na atakuwa wa kwanza kuwakemea wajukuu.

Majirani nao waambiwe, hasa kwa paka. Paka wa Chikongola au Mikindani anaweza kuwa na nyumba tatu, kila moja ikimwita jina lake na kumpa chakula cha mchana. Zunguka, salimia, eleza kwamba yuko kwenye matibabu ya unene. Watu huheshimu neno matibabu.

Kama una wanyama wawili na mmoja tu ndiye mnene, walishe vyumba tofauti, mlango umefungwa, dakika 20, kisha toa mabakuli. Na bakuli la kuku lenye pumba liinuliwe mbali na mbwa.

Hatua ya 5: Kinachoingia kwenye bakuli

Kanuni ya jikoni ni moja: fungu la mnyama litoke kwenye sufuria kabla hujatia kitunguu, kitunguu saumu, chumvi, mafuta na tui. Kitunguu na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, paka akidhurika zaidi, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Tui zito na mafuta ndiyo yanayonenepesha. Upawa mmoja mdogo wa tui zito unaweza kubeba kalori zaidi ya 100, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina 120. Ukifanya hili moja tu, la kutoa fungu mapema, umeshafika nusu ya njia.

*Mbwa.* Mbwa anaweza kula wanga, ila tatizo letu ni kwamba wanga ndiyo chakula chake chote. Newala na Tandahimba mbwa wengi wanaishi kwa ugali wa muhogo, na unga wa muhogo una protini kidogo mno, chini sana ya mahindi. Ukimpunguzia tu ugali huo, atapungua, lakini atapunguza misuli pamoja na mafuta, atakuwa dhaifu na bado ana tumbo. Wakati wa kupunguza, protini inapanda na wanga unashuka.

Kwa mbwa wetu wa kalori 700, siku moja inaweza kuwa hivi. Samaki asiye na mafuta mengi, changu au tasi, aliyechemshwa na kutolewa miiba yote, gramu 250: kalori kama 275. Ugali wa dona uliotokana na gramu 70 za unga mkavu, vijiko sita vya chakula vilivyojaa: kama 250. Boga au mchicha uliochemshwa, gramu 200: 40 au 50. Yai moja la kuchemsha: 75. Zinazobaki, kama 50, ni za dagaa za kumpongeza. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Samaki akikosekana, weka nyama isiyo na mafuta au kuku asiye na ngozi, ila kipimo kishuke kidogo, kiwe gramu 170 hivi, kwa kuwa nyama hizo zina kalori zaidi.

Boga lina faida kubwa kuliko linavyofikiriwa. Gramu 100 zina kalori kama 20 tu, na nyuzinyuzi zake humjaza tumbo. Mbwa anayelia njaa jioni, mwongezee boga, siyo ugali. Tango na karoti mbichi nazo anatafuna vizuri.

Lipo pengo kwenye chakula hiki cha nyumbani, nalo ni madini, hasa kalsiamu. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao laini husaidia. Nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililokaushwa na kusagwa laini kabisa kwa siku pia hutosha kwa mbwa wa ukubwa huu. Kwa miezi mingi mfululizo, mwonyeshe daktari orodha ya unachompa. Mifupa iliyopikwa isiwemo kabisa. Huvunjika vipande vyenye ncha.

Kama unatumia chakula kikavu cha pakiti, soma kalori ubavuni mwa mfuko. Vingi viko kati ya 320 na 400 kwa gramu 100, hivyo mbwa huyu atapata gramu 175 hadi 220 na hakuna kingine. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa kuwa kikombe hudanganya. Chakula kilichotengenezwa maalumu kwa kupunguza uzito ni bora zaidi, kwa kuwa kimeongezewa protini, vitamini na madini ili mnyama asipungukiwe wakati kiasi ni kidogo. Huku kusini mara nyingi kinabidi kiagizwe Dar es Salaam kije kwa basi. Anayeweza, afanye hivyo.

*Paka.* Hapa naomba usome polepole.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji taurini, ambayo hupatikana kwenye nyama, samaki na hasa moyo wa kuku au ng'ombe, na hawezi kujitengenezea ya kutosha. Ikikosekana kwa muda mrefu moyo wake hulegea na macho hupofuka. Ugali na wali havina. Kwa hiyo paka anayepunguzwa huondolewa wali kabisa au karibu kabisa, na bakuli lake linabaki nyama na samaki. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mchemshe samaki kwa maji kidogo na umpe na supu yake.

Jambo la pili ndilo linaloua. Paka mnene asiachwe na njaa. Paka mnene akikaa bila kula siku mbili au tatu, mwili humwaga mafuta yake kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini linajaa mafuta, masikio na fizi vinageuka njano, na bila matibabu ya haraka anakufa. Hivyo usimfungie chakula ili akome, na usiseme atakula tu akizidiwa. Ukimbadilishia chakula, changanya kipya kidogo na cha zamani kingi, ongeza kipya taratibu kwa siku saba hadi kumi. Akigoma kwa saa 24, mrudishie alichozoea. Zikifika saa 48, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa kalori 165 za paka wetu, siku inaweza kuwa gramu 100 hivi za samaki aliyechemshwa, au gramu 70 hivi za kuku aliyechemshwa bila ngozi, pamoja na gramu 10 hadi 15 za chakula kikavu cha paka, ambacho kinaziba mapengo ya vitamini. Mimi ningependa karibu nusu ya kalori zake itoke kwenye chakula kamili cha paka, kwa mwenye uwezo: gramu 20 za kikavu, na samaki wapungue wawe gramu 80. Kama ni kikavu peke yake, ni gramu 40 hadi 45 kwa siku. Mara ya kwanza ukiziona kwenye mizani utadhani umekosea. Hujakosea. Chakula cha kopo nacho kinafaa sana kwa kuwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo anashiba kwa kalori chache.

Samaki wana masharti. Wapikwe, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wabadilishwe: paka anayekula vibua na samaki wengine wa mafuta peke yao kwa miezi hupungukiwa vitamini E, na mafuta ya chini ya ngozi yake huvimba na kuuma akiguswa. Changanya na kuku, yai na moyo. Maini ni mara moja kwa wiki, kipande kidogo, kwa kuwa vitamini A ikizidi huharibu mifupa ya shingo. Ng'onda na papa mkavu vina chumvi nyingi. Visipewe hata kama amezoea. Dagaa wakavu wa chumvi waloweke na kuwachemsha, umwage yale maji.

Na utumbo wa samaki unaotupwa ufukweni: bunju, yule samaki anayejivimbisha, ana sumu inayoua paka na mbwa, na kupika hakuiondoi. Anayekaa karibu na feri au ufukwe wa Lindi mjini amchunge mnyama wake pale wavuvi wanaposafishia samaki.

Vya kupongezea, kwa mbwa na kwa paka, visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Dagaa mkavu mdogo mmoja ana kalori 3 hadi 6, kwa hiyo paka anapata watatu au wanne. Vya kuondoa nyumbani moja kwa moja ni andazi, kitumbua, chapati, ngozi ya kuku na korosho, ambazo ni kalori nyingi katika kipande kidogo. Chokoleti, zabibu na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli ni sumu kwa mbwa na zisimfikie hata mara moja.

Hatua ya 6: Njaa na kelele

Ataomba. Wiki mbili za kwanza atakaa miguuni pako na kukuangalia usoni. Gawa kile kile chakula mara nyingi zaidi: mbwa mara mbili au tatu, paka mara nne, ya mwisho iwe kabla ya kulala ili asikuamshe alfajiri. Mfanyie kazi ya kukitafuta. Trei ya mayai tupu, kila shimo dagaa nusu au punje chache, itamchukua paka robo saa. Chupa ya maji iliyotobolewa matundu, ndani punje za chakula, mbwa ataisukuma uani mpaka ziishe. Kifuu kilichofunikwa kitambaa nacho kinafaa.

Mara nyingi anachotaka ni wewe. Mchane manyoya, cheza naye kamba, mkune shingo. Maji safi yawepo saa zote.

Hatua ya 7: Mwendo

Chakula ndicho kinachopunguza. Mwendo hulinda misuli. Mbwa mtoe alfajiri au baada ya alasiri, anza na dakika 10, ongeza tano kila wiki. Weka kiganja chako kwenye mchanga au lami: kama huwezi kukiacha hapo sekunde tano, nyayo zake zitaungua. Ufukwe wa Shangani maji yakiwa yamekupwa ni mahali pazuri, lakini beba maji ya kunywa, maana mbwa akinywa ya bahari atatapika na kuharisha. Akihema kwa kelele, ulimi ukawa mwekundu sana na mate mazito, simama, mpeleke kivulini, mloweshe maji ya kawaida.

Paka dakika tano za kukimbiza kamba, mara tatu kwa siku, zinatosha.

Hatua ya 8: Fuatilia

Mbwa mpime kila wiki mbili, paka kila wiki au wiki mbili, na uandike kwenye daftari. Akipungua ndani ya kiwango, usiguse kitu. Wiki tatu zikipita bila mabadiliko, usikimbilie kupunguza chakula: kwanza tafuta mkono wa siri. Uliza watoto kwa upole, nenda tena kwa majirani, angalia jalala. Ukishajiridhisha, punguza asilimia 5 hadi 10, subiri wiki mbili nyingine. Akipungua haraka kuliko kiwango, mwongeze. Paka anayepoteza zaidi ya asilimia 2 kwa wiki yuko hatarini, na mnyama anayekonda ghafla huku anakunywa maji mengi na kukojoa sana apimwe kisukari.

Mwaka wetu una misimu itakayokujaribu. Ramadhani saa za kula hubadilika, na futari ya mihogo, magimbi na tambi za nazi hubaki sahanini. Hamishia mlo wake mkubwa kwenye saa ya futari, ili wakati nanyi mnakula awe na chake. Idd el-Adha ndiyo ya kuogopa kwa mbwa. Mafuta na utumbo mwingi kwa mkupuo huweza kuvimbisha kongosho, naye atatapika, atajikunja mgongo kwa maumivu, na hilo ni la daktari mara moja. Misimu ya jando na unyago na msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, nyumba hujaa wageni wasiojua utaratibu. Siku kama hizo mfungie mnyama chumbani au uani kwa saa za kula, na mwambie mpokea wageni awaeleze.

Akifika kwenye lengo

Usimrudishe kwenye kula kwa zamani. Mwongezee asilimia 10 ya chakula, pima baada ya wiki mbili, ongeza tena kama bado anapungua, mpaka uzito utulie. Kiasi hicho ndicho chake cha maisha, na kwa kawaida ni kidogo kuliko alichokuwa akila mwanzo, hasa kama amehasiwa au kufungwa kizazi, kwa sababu baada ya hapo mahitaji yake hushuka kwa takriban robo. Kopo la asubuhi liendelee, na kikopo cha bibi kiendelee. Mpime mara moja kwa mwezi. Paka wa kilo 4.6 akifika 4.8, au mbwa wa kilo 22 akifika 23, rudi kwenye kipimo cha kupunguza kwa wiki chache.